Watoto wa Kupumzishwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa chaki tatu, daftari la mahudhurio lisilo na jalada, na watoto mia moja thelathini na wawili wa darasa la kwanza. Ilikuwa shule ya msingi moja huko Ilala. Mwalimu Mkuu wa pale, mama mnene mwenye sauti ndogo, alinifikisha mlangoni, akawaamuru watoto wanisalimie, kisha akaninong'oneza: "Usijaribu kuwanyamazisha wote. Nyamazisha safu ya mbele, wengine watafuata." Akaenda zake.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Cheti cha ualimu nilikipata nikiwa binti, nikaolewa kabla sijapangiwa kituo, na miaka mingi nikasimama nyuma ya meza ya duka la vitambaa la familia yetu, Kariakoo, nikipima na kukata. Wanangu walipokua nilikitoa cheti kabatini. Umri wa kuajiriwa ulikuwa umenipita, kwa hiyo nikawa mwalimu wa kujitolea, na kazi hiyo nikaifanya miaka kumi na saba katika shule tatu.

Vijana wengi mnaosoma haya mnasubiri ajira, na huenda kesho mkaanza kwa kujitolea, basi niwaeleze vizuri. Mwalimu wa kujitolea anafundisha vipindi vilevile na kusahihisha madaftari yaleyale kama wenzake, ila hayumo kwenye ikama. Ikama ni orodha ya watumishi ambao shule inahesabiwa kuwa nao. Usipokuwemo humo, kwenye karatasi hupo. Darasa langu la Ilala lilikuwa na jina la mwalimu mwingine, ambaye kwa kweli alikuwa akishughulikia madarasa mawili mengine. Wadhibiti ubora, wale maofisa ambao zamani tuliwaita wakaguzi, walipokuja, mimi nilitolewa darasani nikakae kwenye benchi la wazazi, nijifanye nimemleta mjukuu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nilikwenda chooni nikalia kwa hasira, maana mdhibiti alikuwa akilisifu darasa langu na aliyekuwa akishukuru ni mwingine.

Hata hivyo kazi niliipenda, na sitaki mtu aikimbie kwa sababu yangu.

Kituo changu cha pili kilikuwa Magomeni. Mwalimu Mkuu wa huko ndiye aliyenifanya niwe mwalimu. Alikuwa mwembamba, mkali, kalamu mbili mfukoni, na kila asubuhi alidai kuona andalio la somo, yaani karatasi unayoandika kabla ya kipindi: utafundisha nini, kwa zana gani, na utajuaje kwamba wameelewa. La kwanza alinirudishia mara tatu. Nilimwambia, kwa unyonge, kwamba mimi si mwajiriwa. Akanitazama juu ya miwani. "Mtoto atajua?" akaniuliza. Nikaenda kuandika upya.

Huyo mzee alikuwa na chuki moja kubwa, nayo ilikuwa kwaya. Hakuwa na ugomvi na nyimbo. Alichokichukia ni ule usomaji wetu wa darasa lenye vitabu vichache: mwalimu anasoma mstari, watoto wote wanaitikia, na kelele ikiwa kubwa tunaridhika kwamba wanajua. Alikuwa akiingia katikati ya kelele hiyo, anamwinua mtoto mmoja, anamfungulia ukurasa ambao haujafundishwa, na kumwambia asome. Mara nyingi mtoto alisimama kimya. "Hawa wamekariri sauti yako, mwalimu," alikuwa akiniambia. "Kamsikilize mmojammoja." Nikajifunza kumsikiliza kila mtoto peke yake, hata kama ni dakika mbili kwa wiki. Ukichukua kitu kimoja tu katika maelezo yangu, chukua hicho.

Magoti yalipoanza kunisumbua niliomba kuhamia karibu na nyumbani, nikaenda kituo cha tatu, shule iliyobanwa katikati ya maghala ya Kariakoo. Mikokoteni ilipita chini ya madirisha kutwa nzima, wapagazi wakipiga kelele wapishwe, nasi tulifundisha juu ya kelele hizo. Zana hatukukosa. Nilikuwa nazunguka madukani kuomba maboksi matupu, nayakata kadi, naziandika silabi kwa wino mzito. Wenye maduka wananijua tangu udogo wao, hawakuninyima.

Kule nilipewa darasa rekebishi. Hilo ni kundi la watoto wa madarasa ya juu ambao bado hawajui kusoma, wanaokusanywa wafundishwe upya polepole. Nilikuwa nao kumi na wawili, wote wa darasa la nne, na chumba chetu kilikuwa stoo ya majembe na mafagio. Mmoja wao alikuwa Tatu, binti wa mama lishe aliyepikia wapagazi mtaa wa pili. Alikuwa ameshakariri darasa mara moja. Mama yake alikuwa amesema wazi: akifeli upimaji wa darasa la nne tena, shule basi, ataenda Magomeni kwa mama yake mkubwa kulea mtoto mchanga.

Kilichokuwa kinanishangaza ni kwamba Tatu hakuwa mzito. Hesabu alizifanya haraka kuliko wenzake. Kitabu ndicho kilichokuwa kinamshinda. Ukimpa, alikigeuza, juu kikawa chini, na darasa zima likaangua kicheko. Walimu wote pale ofisini waliijua habari ya Tatu. Ilikuwa ndiyo mfano wao wa mtoto asiyefundishika: hata kitabu hajui kukishika.

Siku moja wenzake walikuwa wameitwa kufagia uwanja, tukabaki wawili. Nilikaa upande mmoja wa meza, yeye upande wa pili, kitabu kikiwa kimenielekea mimi. Nikaanza kusoma, kidole kikitambaa chini ya maneno. Nikasita kidogo kufuta miwani. Tatu akaendelea na sentensi hadi mwisho.

Nilidhani amekariri. Nikachukua kipande cha boksi la vyombo vya plastiki kilichokuwa pembeni, nikakiweka mbele yangu vilevile, yeye akiwa mkabala. Akanyoosha kidole, akasoma polepole: "Usi-we-ke ka-ri-bu na mo-to."

Nikakigeuza kimwelekee yeye. Kimya.

Sasa nieleze, maana hili mtalikuta. Darasa la kwanza na la pili Tatu alisoma sakafuni. Madawati hayakutosha, vitabu havikutosha, kwa hiyo watoto wanane walizunguka kitabu kimoja kilicholazwa chini. Kila mtoto anapata sehemu yake, na watoto hawapendi kubadilisha sehemu. Tatu alikaa miaka miwili penye ukingo wa juu wa kitabu, kando ya rafiki yake. Hesabu zilitoka ubaoni, zikamjia sawasawa. Maandishi ya ubaoni alinakili tu, kama anayechora. Lakini kusoma alijifunza kitabuni, na kitabu kwake siku zote kilikuwa juu chini. Sisi tulimfundisha hivyo, kisha tukamcheka.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Nilisema, madam. Nikaambiwa niache mchezo." Akainama. "Kwenye mtihani nikigeuza karatasi wananigeuzia. Nikigeuza tena nachapwa. Basi nikawa nakaa tu."

Nilimshika mkono tukaenda moja kwa moja ofisini. Mwalimu Mkuu wa shule hiyo alikuwa bwana nadhifu, mpole wa maneno, anayeniita mama. Nilimweleza, nikampa Tatu kitabu, akakigeuza na kusoma nusu ukurasa. Mwalimu Mkuu alicheka, na kicheko kile sikukisahau.

"Mama, upimaji hauji umepinduliwa," akasema. "Huyu tutampumzisha."

Kupumzisha ni neno la shule ile, ingawa desturi yenyewe nimeisikia kwingine pia. Wastani wa shule hupatikana kwa waliofanya mtihani. Asiyekuja hashushi wastani. Kwa hiyo siku moja kabla ya upimaji, watoto wanaoonekana watafeli huambiwa kimyakimya wabaki nyumbani, wapumzike. Hakuna barua inayoandikwa. Mzazi anaambiwa kwa mdomo, na mzazi anamwamini mwalimu. Kisha shule inapanda, na mtoto anahesabiwa mtoro.

Nilimwambia zimebaki wiki sita, nitamfundisha. Akanijibu kwa upole uleule, "Fundisha, mama. Wewe unatusaidia tu, orodha inapangwa na walimu."

Nikafundisha. Ninaeleza njia kwa sababu huenda ikawafaa. Sikukigeuza kitabu ghafla. Nilikilaza mezani alivyozoea, na kila siku nikakizungusha kidogo, kama mshale wa saa. Wiki ya pili alikuwa anasoma kimelala ubavu, naye akasema shingo inamuuma, tukacheka. Wiki ya nne kilikuwa mshazari. Wiki ya sita alikishika kama watu wote, akasoma taratibu, akikwama hapa na pale. Hadithi ndefu zilimchanganya, na hapo nilimwambia: ukikwama, geuza, soma, kisha rudisha uandike. Karatasi ni yako.

Asubuhi ya upimaji nilifika mapema. Tatu hakuwepo. Mwalimu wa darasa alitazama pembeni nilipomuuliza, nami sikuuliza mara ya pili. Nilishika njia kwa magoti haya, nikipenya kati ya mikokoteni na marobota, hadi kwa mama yake. Nilimkuta Tatu anaosha sahani.

"Shikamoo, mwalimu," mama akasema. "Karibu chai."

Nilimwitikia, nikamuuliza kwa nini mtoto yuko pale.

"Jana nimeambiwa apumzike. Mwalimu Mkuu kasema, mimi nani nikatae? Na dada yangu anakuja kumchukua Jumapili."

"Mama Tatu, mtoto anajua kusoma."

"Mwalimu, usinitanie. Mtaa mzima unajua kitabu anashika kichwa chini."

Sikubishana. Nilichukua gazeti alilofungia vitumbua, nikampa Tatu, na mikono yake ikiwa na povu. Akalitazama, akaliweka sawa. Akasoma mstari mmoja, akasoma wa pili. Mpagazi aliyekuwa anakunywa chai akasema, "He, dogo anatiririka." Mama alifungua aproni, akaitupa juu ya benchi, akamwambia jirani yake, "Nishikie moto."

Tulifika kengele imekwishalia, karatasi zinagawiwa. Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hapo sina mamlaka, mimi si mtumishi wake. Nikamwambia ni kweli, ndiyo maana hawezi kuniamuru. Msimamizi, mwalimu wa shule nyingine kama ilivyo kawaida ya mitihani, alitoka kuuliza kuna nini. Mama Tatu alimjibu kabla yangu: "Huyu ni mwanafunzi wako." Msimamizi akatazama orodha ya waliosajiliwa, akalikuta jina. "Aingie, muda bado," akasema.

Tulikaa juani tukisubiri. Tatu alipotoka nilimuuliza kama aligeuza.

"Mara moja, kwenye hadithi. Yule mwalimu aliniangalia, hakusema neno."

Alifaulu, kwa alama za kawaida tu, akaingia darasa la tano. Magomeni hakwenda. Matokeo yalipotoka, Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akanishukuru kwa msaada wangu wa miaka yote, akasema umri umekwenda na ni vyema sasa nipumzike. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Barua ya kustaafu sikupata, maana ya kuajiriwa nayo sikuwa nayo. Mwaka huo shule ilipongezwa kwa wastani wake.

Watu wakinisikia nikisimulia haya hunipongeza, na mimi pongezi hizo zinanichoma. Wiki chache baada ya kuacha kazi nilipita kwa mama Tatu kunywa chai. Akanimiminia, akakaa, akaniuliza jambo alilokuwa nalo moyoni muda mrefu. "Mwalimu, siku ile ulikuja kwangu. Wale wengine wa stoo, nani aliwafuata?"

Nilikuwa nimeiona orodha ya waliopangwa kupumzishwa. Walikuwa kumi na wawili, darasa langu zima. Watano kati yao walikuwa wameanza kusoma, kwa kusuasua, na ningeweza kuapa hivyo mbele ya mtu yeyote. Wote kumi na mmoja waliobaki walipumzishwa, na hakuna aliyewafuata. Wawili nawaona hapa sokoni, wamekuwa wakubwa, wananiamkia kwa heshima, nami naitikia marahaba huku nikitamani ardhi inimeze. Wengine sijui waliko. Mwalimu Mkuu nina hasira naye mpaka leo, lakini asubuhi ile mtu aliyekuwa anawajua kwa majina, na kujua wanakoishi, nilikuwa mimi.

Kwa hiyo wewe unayeanza, iwe umo kwenye ikama au humo, fundisha, kazi hii ni nzuri. Kwenye siku ya upimaji fika mapema, hesabu watoto wako. Wakipungua, usiende ofisini kuuliza. Toka nje ukawalete, wote.