Nilinyanyua Kikombe Nikijua Turbo Inakunywa Mafuta

Ni mimi. Si shetani, si fundi wa kando ya barabara, si wale wenye wivu wanaotajwa kila wiki kanisani. Ni minye mwenyewe, mama wa nyumbani wa hapa Likasi, na kosa lenyewe nililifanya nimekaa kwenye kiti, chai mkononi.

Majina sitaandika. Likasi ni mji mdogo wenye masikio makubwa, na sikio kubwa kuliko yote ni langu. Hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Sikio hilo nililirithi kwa baba. Tatu, ndivyo tulivyomwita kwetu sisi wenye asili ya Kasai, alitengeneza magari ya mgodi mpaka mikono yake ikakataa kuwa myeupe hata siku ya Pasaka. Mtoto wa kiume hakupata. Alinipata mimi, mvivu wa kutembea, nikawa nakaa juu ya tairi kuukuu nikimsikiliza. Nilimaliza sekondari nikijua Kifaransa kidogo na dizeli nyingi. Gari likikohoa mtaa wa tatu, nitakuambia linaumwa wapi, na wala sitaacha kuchambua sombe yangu, majani ya muhogo.

Mume wangu alikuwa na pikapu ya dizeli yenye turbo. Kwa wasiojua, turbo ni kile chuma chenye umbo la konokono kinachoisukumia injini hewa ili gari lipate nguvu mlimani. Pikapu hiyo ndiyo iliyotulisha. Alipeleka watu na mizigo Kakanda, anarudi, anapeleka tena.

Kila asubuhi kabla ya kutoka alifungua kapo, kile kifuniko cha injini, akakanyaga mafuta mara tatu, kisha akanitazama. Mimi niko kwenye baraza na chai yangu. Nikinyanyua kikombe, anaenda. Nikikiweka chini, anazima. Miaka yote hiyo hajaniuliza mara mbili!

"Bengine banaombaka Mungu," alikuwa akiwaambia abiria wake, "minye naangaliaka kikombe."

"Na Mungu wako anakunywaka chai gani?" nilikuwa namjibu.

"Ile ya sukari mingi, mama. Angalia tumbo."

Ndivyo tulivyoishi. Laiti ningejua kwamba utani huo ungenigeukia!

Sasa niwaambie habari ya kamera, na mcheke mapema, maana baadaye hamtapata nafasi.

Mimi napenda kupiga picha, lakini sipendi kutoka. Kwa hiyo napiga kila kinachonijia: kuku, nguo za jirani kwenye kamba, mvua inavyoruka juu ya bati, vumbi jekundu likishika jua la jioni. Simu yangu ilikuwa inaharibu vyote. Kiza kidogo tu, kuku anakuwa uji.

Nikaanza kutafuta kamera ya kweli. Mwaka mzima! Kila kuran, yaani umeme, iliporudi nilichaji simu na kusoma. Nilijifunza kwamba wingi wa megapikseli ni kelele za wauzaji. Angalia lensi inafunguka kiasi gani kwenye mwanga hafifu. Ya mtumba, uliza imeshapiga picha ngapi, kama unavyouliza gari limetembea kilomita ngapi. Yenye kioo ndani ni nzito lakini betri yake inadumu. Isiyo na kioo ni nyepesi lakini ina njaa ya umeme, na sisi hapa tunajuana na kukatika. Nilizijua kamera kumi na mbili kama mtu anavyojua mashemeji zake, na sikuwa nimeshika hata moja.

Jirani yangu, nitamwita Mama Mado, alikuwa anapita na beseni lake la mikate. "Vwazini," ndivyo tunavyoitana, "bado unachagua? Hata minye bwana yangu sikumuchagua hivi!"

"Njo maana," nikamwambia.

Tukacheka mpaka mkate ukaanguka.

Kisha nikaipata. Mtu wa Lubumbashi alikuwa anafunga studio yake. Kamera yenye kioo, lensi inayofunguka kama dirisha, imetunzwa kama yai. Alisema ataniwekea mpaka Jumamosi, asubuhi ya Jumapili anasafiri nayo. Mume wangu akakubali kwenda kunichukulia kwa pikapu.

Na wiki hiyohiyo mluzi wa turbo ukabadilika.

Turbo nzima inapiga mluzi mwembamba, sawa na mtu anayeimba moyoni. Huu ulikuwa mnene, na mwishoni ulikwaruza. Gari likiwaka asubuhi lilitema moshi wa buluu. Mafuta ya injini yalipungua kila baada ya siku mbili, na chini ya gari hakuna hata tone. Yalikuwa yanakwenda wapi?

Siku ya Alhamisi mume wangu alikwenda kuoga, na mimi nikasimama. Mimi! Kuku wenyewe walishangaa. Injini ilikuwa imepoa. Nikafungua mpira wa hewa, nikazungushia kidole kitambaa cheupe, kipande cha foronya kuukuu, nikakiingiza kwenye mdomo wa turbo. Kilitoka cheusi, kimelowa. Nikashika kile chuma cha katikati kinachozunguka, kikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Nikamsikia Tatu, marehemu, kama amesimama nyuma yangu na sigara yake:

"Turbo akianza kukunywa mafuta ya moteri, muogope. Siku moja atayamwaga yote ndani, na moteri itayakula. Siku ile utatosha ufunguo, utauchomoa kabisa, utautupa mu muto Lufira, na moteri itaendelea kulia. Inajilisha yenyewe! Weka vitesi ya mwisho, kanyaga freni na miguu ya babu yako, achilia ambreyaji. Inyonge. Na usifungue kapo, unasikia? Ikipasuka, inapasukia mu uso yako."

Moteri ni injini, vitesi ni gia, ambreyaji ni klachi. Nilijua ugonjwa. Nilijua dawa. Nilijua hata namna mgonjwa anavyokufa!

Lakini nilijua pia kwamba gari likilala kwa fundi, halitafika Lubumbashi Jumamosi. Na kopo letu la akiba lilitosha kitu kimoja, turbo ao kamera. Nikajiambia: safari moja tu. Kwenda na kurudi. Jumatatu nitasema nimesikia kitu.

Kitambaa nikakificha chini ya gunia la makala, mkaa wetu wa kupikia.

Mume wangu akatoka na maji masikioni. "Mama, ule mulio ni wa nini?"

"Mupira wa hewa ulilegea, papa. Nimeukaza."

"Unaona?" Akanipiga bega. "Bantu banatafuta garaji, minye nililala nayo mu nyumba."

Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka!

Jumamosi asubuhi alifungua kapo. Mara ya kwanza, mluzi. Mara ya pili, mluzi na ule mkwaruzo. Mara ya tatu moshi wa buluu ukapita mbele ya baraza, taratibu, kama mgeni anayetafuta mlango. Akanitazama.

Nikanyanyua kikombe.

Mama Mado alipanda naye, alikuwa na ndugu wa kumsalimia huko. Akapiga kelele dirishani: "Vwazini, leo tunakuletea bwana wa pili! Huyu hakulake bukari!" Bukari ndiyo ugali wetu.

Nilikaa siku nzima. Sikupiga picha. Sikuchambua sombe. Gari lolote lililopita, nililisikiliza mpaka likapotea. Saa saba mume wangu alinipigia simu: kamera ameishika, inang'aa, wanarudi. Nikasema asante. Neno moja lingine lingetosha, na mdomo ulikuwa wangu, haukuwa wa mtu mwingine!

Saa tisa simu ikalia tena. Alikuwa Mama Mado, lakini kabla ya sauti yake nilisikia ile nyingine. Injini ikipiga yowe juu kabisa, bila kupumua.

"Vwazini! Motoka iko inalia yenyewe! Ametosha ufunguo! Ufunguo iko mu mukono yangu, na iko inalia!"

"Aweke vitesi ya tano! Akanyage freni!"

"Nini? Sisikie! Moshi, vwazini, hatuone hata barabara!"

"Asifungue kapo! Mado, mwambie asifungue kapo!"

"Kapo? Ndiyo, iko anafungua kapo..."

Yowe likapanda zaidi. Nikasikia chuma kikivunja chuma, kishindo, kisha kimya. Nilikaa na simu sikioni. Sikio hili linalojivunia kila kitu lilikuwa linatafuta sauti ya mtu mmoja ndani ya kimya hicho, na halikuipata.

Madereva wa lori la mizigo ndio waliombeba. Injini ilipasuka ubavuni na kutema chuma na mafuta ya moto. Mume wangu aliishi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikurudi naye, na ngozi ya mkono ule mpaka kwenye kiwiko sasa ni kama karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa.

Mama Mado alinijia hospitali na kitenge chake kimefungwa fundo. Hakutania. "Ilikuwa juu ya magoti yangu," akasema. "Haina hata doa." Ilikuwa kamera.

Mume wangu alipofumbua macho, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Mama, usijilaumu. Hata sikio inachokaka."

Nilimenya chungwa. Nililimenya taratibu sana, nikatoa hata nyuzi nyeupe, ili nisimtazame.

Wasomaji wenzangu, adhabu yangu si kwamba alinikasirikia. Adhabu yangu ni kwamba hakunikasirikia! Anawaambia watu kwamba alifungua kapo kwa ujinga wake. Anawaambia kwamba bila mke wake gari lile lingekufa zamani. Kamera iko juu ya kabati, na kila kuran ikirudi yeye ndiye anayechaji betri yake. "Usiiache na njaa," anasema. "Tuliipata kwa bei."

Nimepiga nayo picha moja tu, kwa sababu aliniomba. Alikaa kwenye kiti changu, akanyanyua kikombe changu kwa vidole vitatu, akacheka. Picha ilitoka safi kabisa. Kila kovu linaonekana. Nilichagua vizuri.

Na bado sijafika mwisho.

Mdogo wake amemwazima pikapu, ya dizeli, ya turbo. Ameanza tena kwenda Kakanda, anashika usukani kwa mkono na nusu. Na kila asubuhi anafungua kapo, anakanyaga mara tatu, ananitazama.

Mimi sijui tena ninachosikia! Mluzi uko kwenye birika. Uko kwenye maikrofoni ya kanisa. Wiki hii, Jumatatu, niliweka kikombe chini. Akazima bila swali, fundi akafungua, turbo nzima. Jumanne nikaweka chini tena. Nzima. Jumatano vilevile. Siku tatu abiria wake walichukuliwa na wengine, na yeye anamwambia Mama Mado: "Muache. Mama iko anasikia kintu."

Ndiyo, nasikia. Lakini hakiko kwenye gari. Na siku moja nitachoka kuogopa, nitanyanyua kikombe ili tu asinitazame hivyo, na siku hiyo turbo itakuwa mbovu kweli.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma: turbo ikibadili mluzi, moshi ukiwa wa buluu, mafuta yakipungua bila kudondoka, lala njaa lakini usiliwashe. Kamera nzuri zitauzwa tena mwezi ujao, na nyingine mwaka ujao, hazijawahi kwisha. Na kama kuna mtu anayeondoka nyumbani kwa neno lako tu, ogopa neno hilo kuliko barabara. Msifanye kama minye!

Na sasa weye, papa.

Najua ni Jumapili, tumetoka kanisani, na unanisomea ukurasa huu wa maungamo wa gazeti kwa sauti kama kawaida, ukiwaita wanaoungama "bajinga" hata kabla hawajamaliza. Nafikiri uliacha kucheka ulipofika kwenye kikombe. Usinitazame bado. Soma mpaka chini.

Kile kitambaa cheusi karibu na sahani yako, ambacho nafikiri umeuliza kwa nini sijakitupa, ni foronya yetu ya zamani. Ilikuwa chini ya gunia la makala tangu Alhamisi ile. Kinuse. Utajua ni mafuta ya gari gani.

Sikio langu halikuchoka, papa. Lilisikia vizuri.

Kikombe changu nimekiweka mezani, mbele yako. Leo weye njo utakinyanyua ao utakiacha chini. Sitauliza mara mbili. Niko nimekaa palepale, naangalia mukono yako.