Mtutu wa Pili

Zamani mwenye bunduki ya mitutu miwili alitunza risasi ya pili kwa ajili ya mwenzake. Siku hizi hutunza picha yake mwenyewe kwenye simu.

Namzungumzia yule tuliyemwita Bwana Kishindo. Alikuwa karani wa stoo katika shamba la miwa, na meneja ni mjomba wake. Nyati walipozidi kukanyaga miwa, mimi niliyewawinda ujana wangu wote nilikuwa nimeshastaafishwa, basi mjomba akampa mpwa ile bunduki niliyokuwa nikiisugua mimi, yenye mdomo wa kuingia kidole gumba. Alipenda mlio wake tu. Kila Jumamosi alilipua madebe nyuma ya karakana, mitutu yote kwa pamoja, bega likamvimba, na wapambe wakapiga makofi.

Nilimwambia, "Mtutu wa kwanza ni wa nyati. Wa pili ni wa mfuata nyayo, maana yeye yuko mbele na hana kitu mkononi."

"Mzee, hayo ya enzi zenu," akasema. "Donge moja la risasi hii linasimamisha lori."

Hakuwahi kusimamisha hata baiskeli.

Mfuata nyayo alikuwa kaka wa mkewe. Asubuhi moja nyati aliyejeruhiwa na mtego wa waya alijificha ndani ya miwa. Yule kaka alikaza kamba za viatu, akacheka. "Shemeji, mtutu wako ule wa kulia. Wa kushoto wangu, usiuguse!"

"Tangulia, shemeji. Mimi nipo."

Alikuwepo kweli, kwa kitambo. Mimi nilisimama juu ya tela la trekta, nikaona miwa ikitikisika, kisha nikasikia mlio mmoja, mnene. Nikajua amefyatua mitutu yote miwili kwa pamoja. Bwana Kishindo akachomoka mbio, bila kofia, bila bunduki. Aliyebaki ndani tulimtoa kwa machela, paja limepasuliwa hadi mfupa.

Nyati alikufa kesho yake mferejini, kwa risasi za tumboni. Bwana Kishindo akaoga, akavaa kofia mpya, akapiga naye picha, mguu juu ya shingo ya mzoga.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa sebuleni kwake. Pembe zilining'inia juu ya televisheni, naye akiwasimulia wageni jinsi alivyomwokoa shemeji yake. Mkewe alimimina chai bila kuinua macho. Kaka mtu akaingia na mkongojo, akakaa, akaunyoosha mguu wake uliokauka katikati ya zulia.

"Endelea, shemeji," akasema. "Ulikuwa unafika pale mtutu wangu unapolia."

Wageni wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wa mashemeji. Bwana Kishindo akatazama pembe zake, kisha akaomba sukari.

Mkewe akaliacha bakuli pale pale lilipokuwa.