Mizunguko Saba kwenye Bomba

Kuna mzee mtaani kwetu ambaye huwagongea watu milango saa nne asubuhi na kuomba aguse bomba la bafuni kwao. Anavua kofia, anasalimia vizuri, anauliza kama nyumba ina hita ya maji, kisha anasubiri kwenye ngazi. Waliohamia juzi wanadhani ni mwizi anayechungulia madirisha, au kwamba akili imeanza kumruka. Wapo waliomfungia mlango usoni. Mimi huambatana naye siku nikipata nafasi, maana watu humfungulia mwanamke haraka zaidi, na pia kwa sababu mambo yote yalianzia bafuni kwangu.

Jina lake hakuna anayelitumia. Tunamwita Tesita, kwa ile bisibisi ya kupimia umeme, yenye kitaa kidogo kwenye mpini, anayoichomeka sikioni kama seremala na penseli yake. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nyuzi mpaka kilipofungwa, akaingia mtaani. Alikuwa stadi, na alikuwa na mdomo. Fundi yeyote akiingia kwako huanza kwa kumponda aliyemtangulia, lakini Tesita alianza kumponda hata kabla hajapata pa kuweka kofia. "Nyumba thelathini na moja nimezitia umeme mimi kwenye mitaa hii," alikuwa akijigamba, "na hakuna hata moja iliyomuunguza mtu kidole."

Hita yetu aliifunga shemeji, mdogo wa mume wangu. Shemeji ni mjuaji. Ananyoa watu, anatengeneza redio, anatoa ushauri wa ndoa ingawa yake ilimshinda. Mama mkwe alikuwa ameanguka akaumia nyonga, akahamia kwetu, na daktari akasema maji ya moto yatamsaidia. Tukanunua hita. Shemeji akasema fundi wa nini, hiyo kazi ya nusu saa, na kweli aliimaliza kwa nusu saa.

Mwaka mzima haikuwa na neno. Kisha mama mkwe akaanza kusema maji yanamuuma.

"Nikishika bomba tu, vidole vinaumwa," aliniambia. "Kama nimeingiza mkono kwenye siafu."

Nikamwambia ni ngozi, mama, imekauka, nikampa mafuta ya kupaka. Sisi wengine tulikuwa tunaoga bila shida yoyote. Tofauti ni kwamba sisi tulioga na kandambili, na yeye alizikataa kabisa, kwa kuwa kandambili ndizo zilizomtelezesha siku ile akaumia nyonga. Alioga miguu mitupu, ameshikilia bomba ili asianguke. Akaanza kukwepa kuoga. Leo baridi, leo usingizi, leo nyonga. Nami nikamsema, Mungu anisamehe, kwamba anajifanya mtoto.

Siku moja mkanda wa kandambili yangu ukakatika nikiwa bafuni. Nikaisukuma pembeni, nikakanyaga maji kwa mguu mtupu na kushika bomba. Kitu kikanikamata kuanzia vidoleni mpaka kwapani, kikanitupa ukutani. Nilikaa chini natetemeka. Kilichonitia hofu zaidi ni swichi ya hita. Nilikuwa nimeizima kabla ya kuingia, kama tulivyozoea, na taa yake nyekundu ilikuwa imezimika.

Asubuhi yake nikamwita Tesita. Alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kiti cha ukumbini, naye akamweleza habari ya siafu. Tesita akacheka.

"Hata dada yangu pale chini ananiambia maji yanamtekenya," alisema. "Nikamwambia, dada, hiyo damu imezeeka, sasa inachezacheza."

"Dada yako anavaa nini akioga?" mama mkwe akamuuliza.

"Mama, mambo hayo mimi nitayajulia wapi?"

Aliingia bafuni bado anacheka. Hita ilikuwa imezimwa. Akachomoa bisibisi sikioni, akagusa bomba. Kile kitaa kikawaka, rangi ya chungwa, kikatulia hivyohivyo. Kicheko kikakatika. Alitoka nyumanyuma, akaenda kuzima meni swichi ya nyumba nzima, akaniambia nisimruhusu mtu yeyote kuingia humo, hata kunawa mikono.

Baada ya hapo, ikawa kazi na matusi. Alifungua kifuniko cha hita akaniita nione. Shemeji alikuwa ametumia waya wa taa ya mezani, mwembamba, kuendeshea hita nzima. Waya ulikuwa umepata moto mwaka mzima mpaka ganda lake likayeyuka, na pale unapoingilia, ukingo mkali wa bati ulikuwa umelikata. Shaba tupu ilikuwa imelalia kwenye mwili wa hita. Na swichi aliifunga kwenye waya usio wake. Ukiizima, taa inazimika, lakini umeme unabaki umekaa ndani unakungoja.

"Nani kakufanyia uhuni huu?" Tesita aliuliza. "Huyu si fundi, huyu ni mchimba makaburi. Mtu kama huyu hata betri ya tochi asipewe."

"Huyo ni mwanangu," mama mkwe alisema kutoka ukumbini.

Tesita alikohoa. Akabadilisha waya wote akaweka mnene, akatia mpira pale kwenye ukingo, akaihamishia swichi kwenye waya wake. Shemeji alisemwa siku hiyo kwa mengine mengi, ila kwa sauti ya chini. Mimi nilishapumua. Nilikuwa naelekea kwenye cherehani yangu, nina sare za shule za kumaliza, aliponiita tena.

"Kuna kitu hakijanikaa sawa," alisema. "Huu waya wa kijani, kazi yake ni moja tu. Umeme ukivuja, waya huu unaupeleka ardhini, haumfikii mtu. Na upo, umefungwa. Sasa kwa nini haukuupeleka?"

Akaufuata. Ulitoka kwenye hita, ukapita ndani ya ukuta, ukatokea jikoni chini ya sinki. Alilala kifudifudi, kichwa ndani ya kabati langu la masufuria, akakwangua rangi kwa bisibisi. Ule waya ulikuwa umefungwa kwenye bomba la maji la chuma. Akaanza tena, "Na huyu naye nani sasa, anayefunga..."

Nikangoja amalizie tusi. Halikuja. Nikainama kuchungulia. Waya ulikuwa umezungushwa kwenye bomba mara saba, mizunguko imebanana vizuri, na ncha yake imekunjwa kurudi nyuma kama ndoano. Kazi safi, nadhifu kuliko chochote ndani ya nyumba hiyo.

"Huyo ni nani, mzee?" nikamuuliza.

"Huyo ni mimi," alisema.

Alitoka chini ya sinki, akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Nyumba hii aliitia umeme kabla hatujainunua, wakati kuta hazijapigwa lipu, ndiyo maana hakuitambua. Enzi hizo, alisema, kila bomba lilikuwa la chuma na lilizikwa ardhini. Ukifunga waya wa kijani kwenye bomba, umeufunga kwenye ardhi yenyewe. Mizunguko saba ilikuwa alama yake aliyojivunia. Shemeji alipokuja na hita yake, aliukuta waya wa kijani ukutani akauunganisha, na hilo ndilo jambo pekee alilofanya sawa.

"Wale watu wa maji walibadilisha mabomba ya barabarani lini?" aliniuliza.

"Miezi miwili sasa. Wakaweka haya meusi ya plastiki."

"Nilikuwepo," alisema. "Nilitoa kiti nikakaa kuwatazama. Niliwacheka wanavyoshika sururu."

Nilielewa polepole, kama mtu anayesoma barua mbaya. Plastiki haipitishi umeme. Tangu siku ile, umeme uliovuja haukuwa na pa kwenda. Ulirudi kwenye vyuma vya nyumba, kwenye bomba la jikoni, kwenye bomba la bafuni, ukakaa hapo kumsubiri yeyote mwenye miguu mitupu. Na si kwangu tu. Nyumba thelathini na moja, mizunguko saba kila moja, na hita za watu zinazeeka.

"Dada," alisema Tesita.

Aliondoka bila kofia, bila mfuko wa vyombo, mtu ambaye hata koleo lake hakuwahi kumwazima ndugu. Nikabeba mfuko nikamfuata. Dada yake alikaa nyumba ya nane kuteremka, peke yake, masikio mazito, na kila mtu alijua huoga saa nne akishafagia. Ilikuwa saa nne na dakika kadhaa. Tesita hakukimbia, magoti yalikuwa yameshaondoka zamani, lakini alitembea namna ambayo watu walimpisha. Tulipofika kwenye geti tulisikia maji yanamwagika, kisha yakanyamaza. Aliita mara tatu. Hakuna aliyeitika. Nilimwona anashika nguzo ya geti, na mimi nikamfikiria mama mkwe na miezi miwili ya mafuta ya kupaka.

Tukazunguka nyuma. Dada yake alikuwa uani, nyuma ya shuka alilotundika kwenye kamba, amejifunga khanga, nywele zinatiririka, kata mkononi na ndoo mbele yake.

"Mbona mnaniingilia kama polisi?" alisema.

"Dada, unaoga nje?"

"Unaniona naoga wapi?"

"Tangu lini?"

Alifuta uso kwanza. "Tangu uliponicheka," alisema. "Nilikwambia mara ya kwanza ukacheka. Nikakwambia tena ukawahadithia watu dukani, wakacheka na wao. Maji yalikuwa yananipiga, mdogo wangu. Nikasema nimwite fundi mwingine, nikaona mtaa utasema hata dada yake hamwamini. Basi nikafunga mlango wa bafu, nikachukua ndoo."

Tesita alilia. Hakugeuka, hakujifanya vumbi limemwingia. Alilia mbele yetu, mikono imening'inia, na dada yake akaendelea kumtazama na kata yake mkononi kwa sababu hakujua alicholilia.

Siku ile alichimbia fimbo ya shaba ardhini uani kwa dada yake na nyingine kwangu, akahamishia waya wa kijani huko. Wiki zilizofuata aliandika nyumba zake kwenye daftari, moja moja, akazipitia zote. Alizikumbuka ishirini na nane. Tatu hazimrudii. Anajua zipo, maana hesabu ile aliiringia miaka mingi na hakuwahi kukosea, lakini kuta zimepigwa rangi, watu wamejenga vyumba mbele, wengine wameuza. Kwa hiyo anagonga kila mlango.

Jumanne iliyopita tuligonga nyumba ya kona. Alifungua kijana, mwalimu kwa alivyojitambulisha, amehamia na mkewe mwezi huu. Alitusikiliza kwa adabu, akatabasamu.

"Bafu letu halina tatizo, mzee. Maji yanatekenya kidogo tu. Aliyetuuzia nyumba alituambia, mkioga vaeni kandambili."

Tesita alikuwa ameshachomoa bisibisi sikioni. Mkono ukasimama.

"Nani yuko bafuni sasa hivi?" aliuliza, kwa kuwa maji yalikuwa yanasikika.

"Mke wangu."

"Kavaa?"

"Kavaa nini?"

"Kandambili."

Kijana akatazama chini, na mimi nikatazama. Kwenye mkeka wa mlangoni, miguuni petu, zilikuwa jozi mbili, za kiume na za kike, zimepangwa vizuri.

Tesita hakungoja ruhusa. Aliupita mlango kwa bega, akaifikia meni swichi ukumbini, akaishusha. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Hatukusikia kitu isipokuwa maji. Tulisimama hivyo, kijana ameshika kitasa cha mlango, Tesita ameshikilia ile swichi kwa mikono miwili kana kwamba inaweza kupanda yenyewe.

"Umeme umekatika?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka bafuni. "Na ndiyo kwanza nilikuwa nataka kufunga bomba."

Chini ya sinki yao tulikuta waya umezungushwa mara saba. Zimebaki nyumba mbili.