Mfuko wa Chakula Niliushika Mimi

Mdomo wangu ndio ulioniponza, kama kawaida yake. Siku yetu ya kwanza Guangzhou, mimi na mwenzangu wa Unguja tuliingia mgahawa mmoja kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, tukaagiza samaki mmoja tugawane. Kabla samaki hajafika ikaletwa birika ya chai na kisahani cha njugu. Tukanywa, tukatafuna, tukausifu ukarimu wa Wachina. Kumbe chai inalipiwa kwa kichwa, na njugu nazo zina bei yake. Mwenzangu alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi niliwaka. Nikamwambia kuanzia leo hela ya chakula aniachie mimi, mtu wa Moshi, na ikibaki tutagawana.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na sisi wanawake wa Kitanzania tuliofika kule tulikuwa wa kuhesabika. Yule dada alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, na safari kwa nne. Tulijuana Kariakoo kwenye biashara ya nguo, naye akakubali kunishika mkono katika safari yangu ya kwanza. Alinifundisha maduka ya jumla ya Shahe, namna ya kupapasa mshono, namna ya kuondoka umenuna mpaka laoban, yaani mwenye duka, akuite urudi. Mtaji wangu wote ulikuwa kiunoni, lakini usalama wake ulikuwa kwenye macho ya yule dada. Angeniacha siku moja tu, ningeliwa mzimamzima.

Basi tukaweka yuan mia mbili kila mmoja, za kula na kunywa kwa siku kumi na mbili. Maji hatukununua: wahudumu wa hoteli walituachia chupa ya maji ya moto mlangoni kila asubuhi, tukapikia chai na mengine tukayapoza ya kunywa. Soda niliipiga marufuku. Tulinunua jiko dogo la umeme na sufuria, vitu ambavyo hoteli ile haikuvitaka kabisa, hivyo kila tukipika tuliloweka taulo na kuziba nalo pengo la chini ya mlango harufu isitoke. Wali, kabichi, mayai. Nyama hakula, maana hakumjua aliyechinja. Nguruwe ndiyo usiseme. Mimi nimekula kitimoto tangu ujana wangu, lakini pia nimekulia mtaa mmoja na Waislamu, najua sufuria yao inalindwaje. Nilimwahidi kwa mkono kifuani kwamba katika sufuria ile hakitaingia kitu haramu.

Jumamosi mafuta yalikwisha. Kwenye soko tulilonunulia mboga chupa ya mafuta ilikuwa ghali, halafu nikaona kwa mama mmoja bakuli la mafuta meupe, yameganda vizuri, sawasawa na yale ya kopo tunayokaangia maandazi nyumbani. Bei yake robo ya chupa. Nikajiona mjanja kweli. Usiku ule wali ulinoga, jamani! Mwenzangu akaongeza sahani, akasema mkono wangu una baraka. Nikavimba kichwa.

Jumatano nilirudi kununua kabichi, nikapita nyuma ya meza ya yule mama. Alikuwa na karai kubwa juu ya moto, na ndani yake vipande vya mafuta ya nguruwe, ngozi yake bado imeshika, vinayeyuka polepole. Alikuwa anachota na kumimina kwenye mabakuli yaleyale. Akaniona, akanitabasamia, akaninyooshea jingine kama langu. Niligeuka bila kununua kabichi.

Njiani nilijiapiza nitamwambia nikifika. Kisha nikaanza hesabu. Mzigo wa mwenzangu ulikuwa umechelewa kiwandani, na zile siku kumi na mbili zilikuwa zimegeuka kumi na sita. Mfukoni zilibaki yuan hamsini na kidogo. Kuyatupa mafuta ni kununua mengine, na sufuria nyingine, na miiko, na sahani, kwa maana vyote vilikwisha kuguswa. Na sufuria mpya ningeielezaje? Zaidi ya pesa nilimwogopa yeye. Nilimwona akifunga mizigo yake, akihamia kwa wanawake wa Kizanzibari waliokuwa wamepanga mtaa wa pili, na mimi nikibaki na mkanda wa dola kiunoni na maneno matatu ya Kichina. Nikasema leo nitachemsha tu. Nilipofika, dada alikuwa kitandani, miguu imemvimba kwa kuzunguka Shahe. Akaniomba wali kama ule wa jana, wa kukaanga.

Nikachota kijiko, nikakaanga.

Akasema Bismillahi, akala. Mimi sikugusa sahani yangu. Nilimwambia tumbo linaniuma. Alhamisi mchana nikapika tena, na jioni tena. Kila aliponyoosha mkono kwenye sahani nilitaka kuishika ile sahani niitupe dirishani. Sikuishika. Nilisikia kila hatua kwenye ujia wa hoteli nikidhani kuna mtu anakuja kunisemea, ingawa nani angekuja? Ni mimi na yule mama wa sokoni tuliojua. Usingizi ulikataa. Mwenzangu naye akanikandia maji ya moto tumboni kwa kitambaa chake mwenyewe. Dhambi gani hiyo?

Alhamisi hiyohiyo, baada ya chakula, akaniambia kwa furaha kwamba amewaalika wale wanawake watatu wa mtaa wa pili. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, waje wauonje wali wangu.

Mtu mmoja nilikuwa nimemdanganya kwa hofu. Wanne sikuweza. Asubuhi alipotoka kuoga nilikuwa nimekaa sakafuni na lile bakuli mapajani. Nikamweleza yote: bei, meza ya yule mama, karai, vile vipande na ngozi yake. Nililia kabla sijamaliza. Aliingia bafuni, nikamsikia akitapika, kisha akisukutua, tena na tena, maji yakimwagika muda mrefu. Alipotoka alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga.

"Umejua lini?" akaniuliza.

Nilielewa hapo hapo kwamba hilo ndilo swali pekee. Kula bila kujua kulikuwa na njia yake kwa Mungu wake, alishawahi kuniambia hivyo tukiwa kwenye treni ya kuja Guangzhou. Lakini mtu anayejua, akakaanga, akakutazama ukila?

"Leo," nikasema. "Asubuhi hii, nilipokwenda sokoni wewe ukiwa bado umelala."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Kisha akashusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, basi mimi sina kosa na yeye hana, tulikuwa vipofu wote wawili. Akaniambia ninyamaze kulia. Alichukua pesa yake mwenyewe, akanipeleka kununua sufuria mpya, miiko, sahani na chupa ya mafuta ya karanga, na hakutaka nimrudishie. Njia nzima alinishika mkono. Mimi nilihesabu: Jumatano jioni, Alhamisi mchana, Alhamisi jioni. Sahani tatu. Ningeweza kusema wakati wowote kwenye njia ile, na njia haikuwa fupi.

Wageni walikuja baada ya sala. Nilipika, wakala, wakasifu. Kisha mwenzangu akawasimulia kisa chote, hata sehemu ya kutapika, na wao wakashika vinywa. Nilidhani sasa watasukuma sahani. Akaweka mkono begani kwangu.

"Huyu si dini yetu," akawaambia, "lakini alipojua tu, alinambia saa ileile. Angenyamaza, nani angejua? Nyinyi mnaokula tambi kila siku, leteni pesa zenu awapikie na nyinyi."

Wakatazamana. Mkubwa wao akafungua pindo la kanga yake, wengine wakafungua pochi, na noti zikawekwa mbele yangu juu ya kitanda. Nikazipokea, nikawauliza kama wanapenda pilipili.