Mayai ya Mama Kulwa na Mvua ya Angani

Nilitoka Igoma kwa sababu ya milingoti ya antena. Niliichomelea mwenyewe, kwa hiyo Neema, binti wa shangazi yangu aliyesomea mambo ya anga, akasema twende wote Misungwi nikaisimike. Ikianguka, lawama zangu.

Njiani, mimi nikiendesha kirikuu, kigari changu cha mizigo, akanieleza kazi yenyewe. Kuna chembe zinatoka mbali sana, kulipita jua. Moja ikigonga hewa huko juu inapasuka, zinashuka nyingi kama mvua, na zinatoa mlio wa redio mfupi kuliko kupepesa jicho. Antena zinaudaka.

"Mvua hiyo inafaa kupandia mpunga?"

"Kaka, angalia barabara."

Mchana tukafika kwa Mama Kulwa, mfugaji wa kuku karibu na ziwa, aliyetuazima uwanja wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona wembamba hivyo? Mjini hamli?"

Tukasimika antena nne. Kompyuta ikaonyesha kelele tupu. Neema alikuwa na siku hiyo tu. Asipopata kitu, vifaa vinahamishiwa mkoa mwingine. Nikachukua redio yangu ya betri, nikazunguka nayo. Kila nikikaribia banda la Mama Kulwa, inakoroma. Kumbe ni inveta ya sola, inayoendesha mashine ya kutotolea vifaranga. Na mayai yalikuwa karibu kabisa kupasuka.

"Nikizima, watakufa," Mama akasema taratibu.

Nikachemsha maji, tukajaza madumu, tukayapanga ndani ya mashine. Akazima. Redio ikanyamaza.

Alasiri maji yakaanza kupoa, na mstari kwenye kompyuta bado umelala. Neema akainama kidogo.

"Washa, mama. Vifaranga kwanza."

"Na mvua yako?"

"Itawanyeshea wengine."

Mama akamtazama. Hakuwasha. Akafunga mayai kwenye kanga, akayakumbatia, mengine akanipa mimi.

"Weka kifuani. Na usicheke, utayavunja."

Nikakaa pale, kuku wa Igoma, nimebana pumzi.

Ndipo mstari kwenye kompyuta ukaruka, antena zote nne kwa pamoja. Neema akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Washa, mama! Washa!"

Jioni, kwenye njia ya kurudi, Mama akapiga simu. Aliisogeza tu simu kwenye mashine. Vifaranga walikuwa wanalia mle! Neema, aliyefukuza kelele kutwa nzima, akaniambia nizime gari asikie vizuri.

Kuhusu anga naweza kuwadanganya. Ila kifaranga hugonga kabla yai halijapasuka. Hilo nimelisikia kwenye mbavu zangu.