Pigo la Kuita Watoto

Chausiku Marijani aliingia kituoni na ndoo na dekio. Watu wanaomsifia siku hizi husahau hilo, yeye hasahau. Kituo chenyewe ni nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko, Mbagala, na kazi aliyopewa ilikuwa kupiga deki basi. Ndani yake kijana mmoja wa Mbeya aitwaye Benjamin, mtaalamu wa mazoezi ya viungo mwenye subira ya kupitiliza, alikuwa akiwafundisha upya kutembea na kusema watoto walioumia vichwa: aliyeanguka ghorofani, aliyegongwa, aliyezama akaokolewa kwa kuchelewa. Siku moja binti mmoja aligoma kabisa kuinua mguu. Chausiku, kwa kuchoka kusubiri apishwe amalizie sakafu yake, aliigeuza ndoo akaanza kuipiga. Mguu ukainuka. Benjamin akamwambia aendelee, na dekio likatafutiwa mtu mwingine.

Ngoma alikuwa nayo mkononi siku nyingi. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi na Jumapili, alipiga ngoma kubwa kwenye kundi la matarumbeta, wale wanaopanda nyuma ya pikapu kumsindikiza bibi harusi toka saluni hadi ukumbini. Wanawake wapiga ngoma kubwa ni wa kuhesabu, na Temeke walimjua kwa mkono wake. Alichokipenda hasa ni kuita. Gari likifika njia panda, matarumbeta yananyamaza, ngoma inabaki peke yake: mapigo matatu ya haraka, mawili mazito, halafu kimya. Ndani ya kimya kile watoto wa mtaa wanajibu, "Tupo!" na kumiminika barabarani kuifuata harusi. Harusi isiyofuatwa na watoto husemwa wiki nzima.

Kituoni akagundua kwamba kimya kilekile ni dawa. Unamwimbia mtoto wimbo anaoujua toka hajaumia, unakata kabla ya neno la mwisho, unasubiri. Mtoto aliyepoteza maneno yote huweza kulidaka lile moja lililobaki na kulitoa. Si wote, wala si kwa siku moja. Benjamin alikuwa na maelezo yake ya kitaalamu. Chausiku alisema tu kwamba hakuna mtoto anayependa kuachiwa wimbo nusu.

Ndipo akaletwa Suhaib. Miaka saba, kovu toka sikioni hadi utosini, anatembea kwa kushikwa pande zote mbili, macho yanafuata kila kitu na mdomo hautoi kitu. Miezi minne alikuwa hajasema neno. Mama yake, Raudha, mzaliwa wa Tandika, alikuwa amekonda kwa mawazo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kapatwa na nini?"

"Bodaboda. Jumapili ya mwisho ya Shaabani, pale njia panda ya kwetu. Matarumbeta yanapita, mie nafua. Akaniambia, mama nifungulie. Nikamfungulia mlango. Mama mkwe anasema mwenye akili asingefungua. Na kweli, mie ndo nilofungua."

Chausiku akainama, akajifanya anakaza kamba za ngoma. Kamba zilikuwa zimekaza tangu asubuhi.

Jumapili ile anaikumbuka vizuri mno. Shaabani harusi hugombania siku kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Walikuwa na harusi tatu, na ya pili wameshaichelewa. Pale njia panda aliita mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watoto walitoka wachache akaona aibu. Nyuma yao zikasikika breki, kisha kelele, watu wakakusanyika. Akamwambia kiongozi wao, Anselmo, wasimame.

"Bi Chau, bibi harusi kashaanza kulia huko," akasema Anselmo. "We piga."

Akapiga. Kesho yake aliulizia, akaambiwa kuna mtoto kavunjika mguu tu. Aliamini kwa sababu ilimfaa kuamini. Mguu huunga.

Baada ya kumwona Suhaib hakurudi tena kwenye matarumbeta, kana kwamba hilo lilimsaidia mtu. Kwa wiki sita alimwimbia mtoto kasida ya madrasa aliyotajiwa na mama yake, akipiga dufu polepole. Anakata, anasubiri, mtoto anamtazama. Akajaribu singeli. Akajaribu nyimbo za kuhesabia za chekechea. Hakuna. Na muda wote huo alijua liko pigo moja ambalo hajalijaribu, lile lililokuwa la mwisho kuingia masikioni mwa mtoto kabla ya lami. Akilipiga, Raudha atalitambua. Kila Jumanne na Alhamisi Raudha alirudia habari ya mlango, na Chausiku alimjibu, "Usijilaumu, mwanangu, ni mipango ya Mungu," huku moyo unamsuta mpaka chakula kinamshinda. Ule ulikuwa uoga, tuuite kwa jina lake. Alimwachia mwanamke mwingine abebe mzigo ambao nusu yake ni wake.

Kisha Benjamin akamwita pembeni. "Bi Chausiku, Alhamisi nampima Suhaib. Kama hamna badiliko, nafasi yake inabidi nimpe mwingine. Wanaosubiri ni thelathini na mmoja."

Alhamisi Chausiku alikuja na ngoma kubwa kutoka nyumbani. Benjamin alikuwa na karatasi zake mezani, Raudha amekaa nyuma ya mtoto. Chausiku akapiga matatu ya haraka, mawili mazito, akanyamaza.

Mabega ya Suhaib yakashtuka. Midomo ikacheza, haikutoa sauti. Chausiku akarudia, akanyamaza tena.

"Tu," akasema mtoto. Akavuta pumzi. "Tupo."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini wote watatu waliisikia. Raudha akamkumbatia mwanawe, akilia, akilibusu lile kovu. Suhaib akamsukuma. Alitaka kuinuka, mkono kaunyoosha kuelekea mlangoni, kule nje kwenye barabara. Hapo kilio cha Raudha kikakatika.

"Mama," akasema taratibu, "hilo pigo umelijulia wapi?"

Angeweza kusema Temeke nzima wanalijua, na usingekuwa uongo.

"Ni langu," akasema Chausiku. "Siku ile nilikuwa juu ya gari. Niliita mara mbili. Nikasikia kelele, tukaondoka. Nimejua ni yeye toka siku ya kwanza ulipokuja."

"Wiki sita."

"Wiki sita, mwanangu."

"Nakaa hapa nakwambia mlango, mlango. Na wewe unanambia mipango ya Mungu. Na usiniite mwanao."

Akambeba mtoto, mkubwa vile, akatoka naye.

Jumanne hawakuja. Alhamisi pia hawakuja. Benjamin hakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Chausiku akaomba arudishiwe dekio lake. Benjamin akamuuliza nani atapiga, akaondoka bila kusubiri jibu. Jina la Suhaib hakulifuta.

Jumanne ya pili Raudha akaingia na mtoto. Shikamoo hakutoa. Alimkalisha Suhaib kitini, akasema akiitazama ngoma badala ya mwenye ngoma.

"Nyumbani nimempigia ndoo, vilevile kama ulivyopiga. Hajibu. Babake kapiga, hajibu. Sikuja kukusamehe."

"Najua."

"Mama mkwe nimemwambia kila kitu. Bado anasema ni mlango." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Piga."

Chausiku akapiga matatu, akapiga mawili, akanyamaza.

"Tupo," akasema Suhaib, safari hii kwa sauti ya kueleweka. Akateleza kutoka kitini. Mkono mmoja akaushika ukuta, mguu mmoja unaburuta, akaanza kwenda mlangoni bila kushikwa na mtu, kwa mara ya kwanza tangu Shaabani. Mlango ulikuwa wazi na nje bodaboda zilikuwa zinapita. Benjamin akanyanyuka kumdaka. Raudha akamzuia kwa kiganja, akatembea upesi akafika kabla ya mwanawe. Akaufunga mlango, akaupa mgongo, akabaki amesimama hapo, mikono wazi, mtoto anakuja kwake.

"Piga tena," akasema.