Mbwa Aliyeoga Mtungi Mzima

Tulipokuwa wadogo huku Mkunya, kabla bomba halijapanda mlima, mbwa akiumwa alitibiwa na yeyote aliyepita. Mwenye chumvi alitia chumvi, mwenye majivu alitia majivu, na asiye na kitu alitia maneno. Mbwa akipona alirudi porini. Asipopona alizikwa nyuma ya mihogo, na jioni watu wakala ugali wao kama kawaida.

Leo nasikia karani mmoja wa hapa Newala kampakia mbwa wake kwenye lori mpaka Masasi akadungwe sindano. Mwenyewe karani alikaa nyuma juu ya magunia ya korosho, mbwa akakaa mbele na dereva. Aliporudi akawa analalamika barazani kwa kila apitaye kwamba bei ya sindano imepanda tena, kwamba mwaka jana haikuwa hivi, na kwamba bwana wa mifugo siku hizi anadai hata ujira wa kumtazama mbwa bila kumgusa. Nilimpa pole. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka mpaka khanga ikanidondoka.

Maana huyu karani na vijana wenzake wa suruali za pasi wanadhani ndio wa kwanza kufilisiwa na mbwa. Mimi sijazeeka, nywele zangu zote bado nyeusi, na shule yangu iliishia darasa la nne kwa walimu wa misheni. Lakini dunia imekimbia mno, nikikaa na wadogo zangu najiona bibi kizee. Wao hawajui maji yalikuwa nini. Nyinyi wenzangu tulioteremka pamoja genge la Mkunya, lile poromoko la mlima, kabla ya jua, mnajua.

Mnakumbuka? Jogoo wa kwanza akiwika, mama zetu wanashuka bondeni na mitungi mitupu, sisi nyuma na vibuyu, tunateleza kwenye changarawe na kuchekana. Kule chini kisima kinatoa maji kwa uchoyo, unachota kata moja halafu unangoja kijae tena, na foleni ni ya wanawake wa vijiji vyote. Kurudi ni kupanda, shingo imekazwa, na tone likidondoka usoni unalilamba. Tukifika nyumbani jua limeshakuwa kali. Maji ya kunawa uso yalinawisha miguu, yaliyonawisha miguu yakanywewa na kuku. Mimi nilikuwa na ndoto zangu za mchana: niliwaza kwamba siku moja mto utachoka kukaa bondeni, upande wenyewe mlimani kututembelea. Mama alikuwa akisema, "Agnesi, ota ndoto zako, lakini kibuyu kishike kwa mikono miwili."

Tulikuwa na mbwa mwekundu, sikio moja limesimama na moja limelala. Kwetu mbwa hakupewa jina la Kizungu kama huyo wa karani anayeitwa sijui Jimi. Mbwa alipewa jina la kuwasemea majirani yale usiyothubutu kuwaambia usoni. Baba alimwita Haiwahusu. Jioni akimwita mbwa wake, kijiji kizima kilijua kimejibiwa. Mwaka ule baba alikwenda Nachingwea kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, akatuacha mimi, mama na bibi yangu mzaa mama. Siku ya kuondoka alimshika mbwa kichwa akasema, "Mpaka nirudi, huyu ndiye baba wa nyumba." Hakuwa anatania. Nguruwe pori walikuwa wanafukua mihogo ya watu wote, na bila mbwa shamba letu lilikuwa kwao karamu.

Basi asubuhi moja baba wa nyumba alirudi kutoka shambani akiburuta mguu. Nguruwe alikuwa amempasua paja mpaka nyama inaonekana. Bibi akatia chumvi, akatia majivu, lakini siku ya tatu kidonda kikavimba, kikaanza kunuka, na mbwa akaacha kula. Usiku ule ule nguruwe wakaja wakamaliza matuta mawili ya mihogo. Mimi nililia zaidi kwa ajili ya mbwa, mama alilia zaidi kwa ajili ya matuta, na kwa kweli kilikuwa kilio kimoja.

Mama akaitisha fundi wa dawa. Alikuwa mtu aliyehamia kwetu kutoka pande za Nanganga, tukimwita Baba Saveri, na sifa zake ni kwamba ametibu mbwa wa wawindaji huko kote mpaka wakasahau kufa. Alikuja kwa haraka ya mbwa, akapewa kigoda kwa haraka ya mbwa, na kwa haraka hiyo tukafanya kosa ambalo kwetu halifanywi hata na mtoto: hakuna aliyemuuliza ukoo wa mama yake. Mgeni kwetu huulizwa ukoo kwanza, ili ujue unaongea na ndugu, na shemeji, au na nani. Yeye aliulizwa dawa kwanza.

Siku ya kwanza alitaka kuku. Akapewa. Alitafuna mizizi, akatema kwenye kidonda, akaondoka na kuku kwapani. Aliporudi alisema kuku amefungua njia tu, sasa kazi yenyewe inahitaji maji. Mtungi mmoja kila akija. "Maji hayo," alisema, "hayakai hapa kwenu. Lazima yalale kwangu na dawa, yaamke na nguvu." Kwa hiyo mama akawa anashuka bondeni, anapanda, anapita mlango wake bila kuingia, anapeleka mtungi kwa Baba Saveri. Sisi tulibaki na maji ya kibuyu changu. Kesho yake fundi anakuja na kifuu kimoja cha maji, ananyunyiza, anasoma maneno, anatazama mawingu, anaondoka. Mbwa anazidi kukonda. Na bibi, kwa adabu ya mtu mzima kwa mganga, alikuwa akiitikia shikamoo yake marahaba, na kumkaribisha ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini tunayoila kama viazi.

Aliyefungua macho yetu ni Mama Zuhura, jirani yetu, pale kisimani. Wao ni Waislamu na mbwa hawafugi.

"Mama Agnesi," alisema huku akingoja zamu yake, "mbwa wenu anakunywa maji kama lori."

"Haoni hata ya kunywa," mama akamjibu. "Ni ya kuoshea kidonda."

"Kidonda gani hicho, kisima kizima? Haya. Sisi dini imetuepusha na mbwa, kumbe imetuepusha na mengi." Akachota kata yake, akamimina taratibu. "Ila mwenzenu nauliza tu. Mama Saveri mbona hatumwoni huku tangu mbwa wenu aumwe? Shingo yake imenenepa. Yako ndiyo imeingia mabegani."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama alijitwika mtungi, akapanda genge lote bila kupumzika, na siku ile alipita mlango wa fundi kama kawaida, akaweka maji, akaja nyumbani akamweleza bibi. Bibi alikuwa anakoroga uji. Akaendelea kukoroga.

"Mwache aje," akasema.

Akaja. Akamtazama mbwa, akatikisa kichwa, akasema kidonda kimegeuka, sasa inatakiwa mitungi miwili. Mama aliinamisha uso. Nilijua anapiga hesabu ya shingo yake, na nilijua pia hesabu hiyo ikikataa, Haiwahusu atakwenda nyuma ya mihogo. Nikamkumbatia mbwa na uvundo wake wote.

Ndipo bibi akauliza, pole pole, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hivi mwanangu, mama yako ni wa ukoo gani?"

Baba Saveri akajikweza kwenye kigoda, akataja ukoo wa mama yake, akataja na mjomba wake aliyekuwa jumbe.

Bibi akaweka mwiko chini. Akaanza kucheka, cheko la chini chini lililomtikisa mabega. Ukoo ule na ukoo wetu ni watani toka mababu. Na mtani kwetu ana ruhusa ambayo hata mfalme hana: anaingia kwako bila hodi, anachukua chako bila kuomba, anakutukana mbele za watu, nawe ukikasirika umejiaibisha mpaka kwa wajukuu.

"Shikamoo zako zote zichukue, nakurudishia," bibi akamwambia. "Mtani hasalimiwi. Mtani huzikwa. Nimemlisha mtani wangu ming'oko na kumpa heshima kama askofu, na yeye ananywa shingo ya binti yangu."

Akajifunga khanga kiunoni, akatoka. Sisi nyuma yake, fundi nyuma yetu. Njiani alikuwa anatangaza kwa kila nyumba kwamba fundi wa mbwa kafa kwa kiu na yeye mtani wake anakwenda kumwosha, watu waje msibani. Wakaja. Tulipofika kwa Baba Saveri, mkewe alikuwa anaosha vyombo. Bibi akampita, akaingia ndani, akatoka na mtungi wetu umejaa pomoni, yale maji ya asubuhi ya mama.

"Marehemu ameacha urithi," akasema, akajitwika.

Baba Saveri alifungua mdomo. Kijiji chote kikamtazama huo mdomo kuona utasema nini. Akaufunga.

Uani kwetu bibi alimlaza mbwa kwenye mchanga, akamgeukia fundi. "Mtani, shika mdomo wa mgonjwa wako, asije akakuonja akafa kweli." Naye akachuchumaa akashika. Kisha bibi akainamisha mtungi.

Wenzangu mliokuwepo mtanishuhudia. Wazee waliguna kama waliona ghala linachomwa. Mtungi mzima, kiangazi, juu ya mbwa. Bibi alimimina na kukamua, akamimina na kukamua, na funza wakatoka, mamia, weupe, wanapinda pinda kwenye mchanga, na usaha, na kipande cha jino la nguruwe. Akamimina mpaka maji yakawa yanatoka safi kama yalivyoingia. Kuku walikuja mbio kunywa. Sisi watoto tuliingiza miguu kwenye tope, maana tope la kiangazi tulikuwa hatujaliona maishani, tukaruka humo mpaka tukapigwa.

Baba Saveri alikuwa ametota mpaka kifuani. Akamtazama bibi, akasema, "Mtani, umemwosha mbwa, mimi je?" Na watu wakaanguka kwa kicheko, na mkewe naye, mikono ina majivu ya vyombo.

Haiwahusu alipona. Mguu ulibaki mfupi, akawa anakimbia kama anayechechemea ngomani, lakini nguruwe hawakuhesabu miguu, walisikia sauti tu. Baba aliporudi na blanketi la Nachingwea alikuta mihogo ipo. Na Baba Saveri, kwa kuwa mtani hawezi kumdai mtani, alikuja kila asubuhi kukifunga kile kidonda kwa majani mpaka kikakauka, bila kuku na bila kata ya maji, anatukanwa na bibi akiingia na anatukanwa akitoka. Mkewe alirudi kisimani na sisi.

Sasa bomba limepanda. Ule mto wangu wa ndotoni umekuja kweli, umepitia kwenye chuma. Watoto wa sasa wanachezea maji, wanamwagiana, wanaacha ndoo nusu kwa sababu eti ni nzito, na ukiwaambia habari za genge wanapiga miayo. Na sindano inaponya mbwa, sikatai. Jimi wa karani amerudi kutoka Masasi na manyoya yanang'aa.

Lakini yule bwana wa sindano anakaa nyuma ya meza, na bei ikipanda inapandia mezani. Karani anatoa, analalamika barazani, mwakani anatoa tena. Juzi nilimuuliza kwa upole, kaka yangu, umewahi kumuuliza huyo bwana ukoo wa mama yake? Akanitazama kama mshamba, akaniambia mambo hayo yamepitwa. Nikamuuliza basi wa mama yake mwenyewe. Akamkuna Jimi kichwani, akafikiri, akafikiri, akasema atamwandikia mama barua amuulize.